Nani agawe anwani? Ruta ya mtoa huduma, MikroTik, dnsmasq, Windows Server na Kea kwa mitandao ya Arusha na Moshi

Mtandao wa hosteli ya Moshi au wa ofisi ya utalii Arusha ukishavutwa nyaya na kufungwa Wi-Fi, suala la nani agawe anwani za IP huwa halijadiliwi. Kisanduku cha mtoa huduma kimekuja na DHCP, huduma ya kugawa anwani hizo, imewashwa, kinaachwa hivyo hivyo. Hakuna ubaya, mpaka siku simu za mezani zinapoonyesha muda ulio nyuma kwa saa 3, AP mpya (vifaa vya kurushia Wi-Fi) zinaposhindwa kuiona kontrola inayozisimamia, au maabara ya shule inapotaka kompyuta 30 ziwake kutoka seva moja. Hapo ndipo inajulikana kuwa DHCP haigawi anwani peke yake. Inabeba pia maelekezo ya kila aina, na si kila seva inaweza kuyabeba yote.

Hapa tunalinganisha njia tano ambazo mtu wa Arusha au Moshi anaweza kuzipata bila kuhangaika: DHCP ya ruta ya mtoa huduma, MikroTik, dnsmasq, Windows Server na Kea.

## Kinachobebwa

Kila maelekezo husafiri ndani ya pakiti kama opsheni. Baiti moja ni namba ya opsheni, baiti moja ni urefu, halafu inafuata thamani yenyewe, isiyozidi baiti 255. Sehemu yote ya opsheni hufunguliwa na baiti nne zisizobadilika (99, 130, 83, 99) na kufungwa na namba 255. Opsheni za msingi zimeorodheshwa kwenye kiwango cha RFC 2132 cha mwaka 1997, na nyingine zimeongezwa baadaye. Ukinasa pakiti ukakuta hivi:

06 08 C0 A8 0A 01 08 08 08 08
33 04 00 00 70 80

mstari wa kwanza ni opsheni 6, seva za DNS (zinazotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani). Urefu ni baiti 8, yaani anwani mbili: 192.168.10.1 na 8.8.8.8. Mstari wa pili ni opsheni 51 (33 kwa heksadesimali), muda wa kushikilia anwani: sekunde 28,800, sawa na saa 8.

Jambo ambalo mafundi wengi hulipita ni opsheni 55. Kifaa kinapoomba anwani, ndani ya ombi lake huweka orodha ya namba za opsheni kinazozitaka. Simu ya mezani inaweza kuomba 42 (seva ya saa), 43 (maelekezo ya mtengenezaji) na 66 (seva ya mipangilio). Laptopu ya Windows itaomba 121 na 249 (njia za ziada). AP nyingine itaomba 138 (anwani ya kontrola). Seva nyingi hujibu zile zilizoombwa tu. Kwa hiyo ukiweka opsheni 66 kwa usahihi kabisa na kifaa hakijaiomba, haitatoka, na utatafuta kosa kwenye seva mpaka giza liingie wakati kosa halipo.

Ndiyo maana kabla ya kuchagua seva, sikiliza kwanza vifaa vyako vinaomba nini. Kwenye kompyuta ya Linux iliyo kwenye mtandao huo huo, andika:

tcpdump -i eth0 -vvn port 67 or port 68

kisha zima na uwashe simu moja, AP moja na kompyuta moja. Kwenye Wireshark, programu ya kunasa pakiti, chujio ni neno dhcp. Ombi la kwanza hutangazwa kwa mtandao mzima, kwa hiyo utaliona hata ukiwa kwenye tundu lingine la swichi. Majibu ya seva huenda usiyaone, kwa sababu yanaweza kutumwa moja kwa moja kwa kifaa husika. Orodha utakayoipata ndiyo itakayoamua sehemu kubwa ya ulinganisho huu.

## Vigezo

Vigezo ni vitano. Cha kwanza ni opsheni zipi seva inaweza kutoa, na kama inaweza kuwapa watu tofauti vitu tofauti: simu zipate hiki, wageni wapate kile. Cha pili ni namna ya kuandika thamani, kwa sababu makosa mengi huzaliwa hapo. Cha tatu ni umeme ukikatika na kurudi: seva inakumbuka nini, na inaamka kwa kasi gani. Cha nne ni kuona kinachotoka, yaani kama seva yenyewe inakuonyesha ilichokituma. Cha tano ni nani atakayeitunza fundi aliyeifunga akishaondoka. Kwa hosteli ya vyumba 15 kigezo hiki cha tano kina uzito kuliko vingine vyote vikijumlishwa.

## Ruta ya mtoa huduma

Opsheni. Kwa kawaida hutoa 1 (barakoa ya mtandao), 3 (lango), 6 (DNS) na 51. Baadhi zinakuruhusu kubadilisha DNS, muda, na kutenga anwani kwa kifaa kwa kutumia MAC yake (namba ya utambulisho ya kadi yake ya mtandao). Nje ya hapo, nyingi hazina pa kuandika opsheni yoyote ya ziada.

Kuandika thamani. Ni vijisanduku vya kujaza kwenye kivinjari, ni vigumu kukosea. Tatizo ni kwamba mtoa huduma anaweza kuirudisha mipangilio ya kiwandani kwa mbali, au kubadilisha ruta yenyewe laini inapotengenezwa. Mipangilio yako yote inaondoka nayo.

Umeme ukikatika. Inaamka haraka, na ikiwa kwenye UPS ndogo pamoja na swichi haina shida. Nyingi husahau orodha ya anwani zilizogawiwa, lakini vifaa vyenyewe hukumbuka na kuomba anwani ileile kupitia opsheni 50, hivyo mara nyingi mambo hurudi yalivyokuwa.

Kuona kinachotoka. Utaona orodha ya vifaa na anwani, basi.

Inamfaa nani. Nyumba, duka, ofisi ya watu watano isiyo na simu za IP wala kontrola ya Wi-Fi. Kwa mahali kama hapo, kuhamisha DHCP ni kujitafutia kazi.

## MikroTik

Ruta za chapa hii zimejaa kwenye lodge na ofisi za ukanda huu, hivyo huenda unayo tayari na huitumii ipasavyo.

Opsheni. Lango, DNS, jina la mtandao, seva ya saa na faili ya kuwashia vina nafasi zao kwenye menyu ya network. Nyingine yoyote unaitengeneza mwenyewe kwa namba, kisha unaifunga kwenye mtandao husika au kwenye kifaa kimoja kilichotengewa anwani. RouterOS 7, mfumo unaoendesha ruta hizi, ina pia kichujio kinachosoma opsheni kama 60, aina ya kifaa, na kukigawia opsheni zake. AP za UniFi, kwa mfano, hujitambulisha kwa neno ubnt na hutafuta anwani ya kontrola ndani ya opsheni 43. Kontrola ikiwa 192.168.10.5:

/ip dhcp-server option add name=unifi code=43 value=0x0104C0A80A05
/ip dhcp-server network set [find address="192.168.10.0/24"] dhcp-option=unifi

Soma thamani hiyo polepole: 01 ni namba ya opsheni ndogo iliyo ndani ya 43, 04 ni urefu wake, C0A80A05 ni 192.168.10.5. AP za Omada hutumia 138, ambayo ni anwani tupu bila kichwa cha ndani. Ukiipa Omada thamani ya UniFi haitaelewa, na kinyume chake ni hivyo hivyo.

Kuandika thamani. Hapa ndipo MikroTik inapowaumiza watu. Alama za nukuu hubadilisha kinachotumwa. Ukiandika '192.168.10.5' inatuma baiti nne, C0 A8 0A 05. Ukiandika s'192.168.10.5' inatuma maandishi ya herufi 12, kuanzia 31 39 32 2E. Opsheni 66 inatakiwa kuwa maandishi. 42, 138 na 150 (seva ya kupakulia faili) zinatakiwa kuwa anwani za baiti nne. Simu ikipewa 66 yenye baiti nne itasoma herufi za ajabu, itashindwa kuipata seva ya mipangilio, na kwenye skrini haitakueleza sababu. Ukikuta simu "haisomi 66" kwenye MikroTik, anza na ile herufi s.

Opsheni 121, njia za ziada, nayo inaandikwa kwa heksadesimali. Tuseme tawi la Moshi lina mtandao 10.20.30.0/24 na linafikiwa kupitia kifaa cha VPN chenye anwani 192.168.10.2, huku lango la kawaida likiwa 192.168.10.1:

0x180A141EC0A80A0200C0A80A01

18 ni biti 24 za barakoa, 0A141E ni 10.20.30, C0A80A02 ni mlango wa kufika huko, 00 ni njia ya "kwingine kote", na C0A80A01 ni lango lake. Kipande hicho cha mwisho usikiache. Kiwango kinasema kifaa kinachopokea 121 kiipuuze opsheni 3. Ukiweka njia ya tawi peke yake, laptopu zitaifikia Moshi vizuri na zitapoteza intaneti. Malalamiko yatakayokuja ni "intaneti imekata", wala hakuna atakayetaja njia.

Umeme ukikatika. Inaamka upesi, na orodha ya anwani huandikwa kwenye kumbukumbu ya kudumu kila dakika 5 usipobadilisha. Kabla ya kutoa anwani huikagua kama kuna kifaa kinachoitumia. Matoleo ya zamani huja na muda wa dakika 10 tu. Panua hadi saa kadhaa, la sivyo kila simu itakuwa inarudi kuomba kila baada ya dakika 5.

Kuona kinachotoka. Washa kumbukumbu za dhcp kwenye /system logging, kuanzia kiwango cha debug, utaona opsheni zikiingia na kutoka. Kuna pia /ip dhcp-server alert, inayopiga kelele seva nyingine ya DHCP ikijitokeza. Hii ni ya thamani sana kwenye majengo ya kupangisha, ambako mpangaji huleta ruta ya nyumbani, anachomeka waya kwenye tundu la LAN badala ya WAN, na nusu ya jengo inaanza kupata anwani za 192.168.0.x. Tahadhari hiyo inakuonyesha MAC ya mkosaji. Kumzuia kabisa ni kazi ya swichi yenye ulinzi wa DHCP.

Inamfaa nani. Hosteli, lodge, ofisi ya vifaa 20 hadi mia kadhaa, palipo na fundi wa kupigiwa simu. Chukua nakala ya mipangilio kwa /export na uihifadhi nje ya kifaa.

## dnsmasq

Programu ndogo ya Linux iliyoandikwa na Simon Kelley. Inatoa DHCP, DNS na TFTP (huduma ya kupakulia faili) kwa pamoja. Ndiyo iliyomo ndani ya OpenWrt (mfumo huria wa ruta), na Pi-hole (kizuia matangazo) imejengwa juu yake, kwa hiyo kuna watu wanaitumia bila kujua.

Opsheni. Zote kwa namba, na nyingi kwa majina. Amri dnsmasq --help dhcp inakuorodheshea majina inayoyajua. Nguvu yake ni vibandiko: kifaa kikifika kinawekewa alama kufuatana na MAC, opsheni 60, au aina ya prosesa iliyotajwa kwenye opsheni 93, kisha opsheni hutolewa kwa alama.

Kuandika thamani. Hapa inazishinda nyingi kwa urahisi wa kusomeka. Ile njia ya Moshi iliyokuwa heksadesimali ndefu inakuwa:

dhcp-option=121,10.20.30.0/24,192.168.10.2,0.0.0.0/0,192.168.10.1

Na kontrola ya UniFi:

dhcp-option=vendor:ubnt,1,192.168.10.5

Hakuna kuhesabu baiti. Kifaa kikiwa kinahitaji opsheni lakini hakiiombi kwenye 55, tumia dhcp-option-force badala ya dhcp-option. Kabla ya kuwasha upya, dnsmasq --test inakagua maandishi, ila haikagui akili: anwani isiyo sahihi itapita.

Kwa maabara ya shule ni vigumu kupata kinachokwenda sambamba nayo. Kompyuta za zamani zenye BIOS na mpya zenye UEFI (programu za ndani zinazoiamsha kompyuta) zinahitaji faili tofauti za kuwashia, na hapo mistari michache inatosha:

dhcp-match=set:efi64,option:client-arch,7
dhcp-boot=tag:efi64,ipxe.efi
dhcp-boot=tag:!efi64,undionly.kpxe
enable-tftp
tftp-root=/srv/tftp

Bila mgawanyo huo, kompyuta za UEFI hupewa faili ya BIOS, hupakua, hunyamaza, kisha hurudi kwenye diski. Kuna pia hali ya msaidizi, dhcp-range=192.168.10.0,proxy, ambamo dnsmasq haigawi anwani kabisa. Inaongeza tu habari za kuwashia juu ya anwani zilizotolewa na ruta iliyopo. Shule isiyoruhusiwa kugusa ruta ya mtoa huduma inapona kwa mstari huo. Katika hali hii masharti ya kuchagua faili huandikwa kwa pxe-service badala ya dhcp-boot.

Umeme ukikatika. Inategemea ilipokaa. Kwenye Debian orodha ya anwani iko kwenye diski, /var/lib/misc/dnsmasq.leases. Kwenye OpenWrt iko /tmp, yaani kwenye RAM, na inafutika. Madhara si makubwa kwa sababu dnsmasq huchagua anwani kwa kukokotoa kutoka kwenye MAC, hivyo kifaa huelekea kurudishiwa ileile. Hatari kubwa iko kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi: kadi ya SD inayokatiwa umeme wakati wa kuandika huharibika. Iweke kwenye UPS, na uwe na kadi ya pili yenye nakala kwenye droo.

Kuona kinachotoka. Mstari log-dhcp unaandika kila opsheni iliyoombwa na kila iliyotumwa, kwa majina. Mwalimu akitaka kuwaonyesha wanafunzi DHCP inavyofanya kazi, hapa ndipo mahali.

Inamfaa nani. Shule, chuo, ofisi yenye mtu mmoja anayejua kuhariri faili ya maandishi. Mtu huyo asipokuwepo tena, anayefuata atakuta kisanduku kidogo kisicho na skrini wala kitufe, na kuna uwezekano mkubwa akakichomoa.

## Windows Server

Opsheni. Zinawekwa kwa ngazi nne: seva nzima, eneo moja la anwani, sera, na kifaa kilichotengewa anwani. Ya chini huishinda ya juu. Iliyowekwa kwa kifaa huishinda ya sera, ya sera huishinda ya eneo. Opsheni zisizo za kawaida, kama 138, unazitambulisha kwanza kwa kuchagua aina ya data, kisha unazijaza. Sera zilizoanza na toleo la 2012 zinaweza kusoma aina ya kifaa kwa mfano PXEClient:Arch:00007* (kompyuta ya UEFI inayowaka kutoka mtandaoni), hivyo na huku mgawanyo wa BIOS na UEFI unawezekana.

Kuandika thamani. Madirisha yanauliza aina ya data, kwa hiyo lile kosa la maandishi dhidi ya baiti nne ni adimu. Linalotokea zaidi ni opsheni kuwekwa ngazi ya seva wakati ileile ilishawekwa kwenye eneo. Ya seva haifanyi kazi na aliyeiweka haelewi kwa nini. Wanaopenda amri:

Set-DhcpServerv4OptionValue -ScopeId 192.168.10.0 -OptionId 66 -Value "192.168.10.5"

Umeme ukikatika. Orodha iko salama kwenye hifadhidata. Shida ni kasi: seva huchukua dakika kadhaa kuamka, simu na AP zimeshaamka, na Windows za wafanyakazi zimejipa anwani za 169.254.x.x. Nyingi hujirekebisha zenyewe. Printa na simu za zamani zinaweza kuhitaji kuzimwa na kuwashwa. Dawa ni seva mbili zinazosaidiana, jambo ambalo toleo la 2012 na yaliyofuata yanaliweza, kwa gharama ya seva ya pili.

Kuona kinachotoka. Kumbukumbu za kila siku zinaonyesha nani kapewa anwani gani. Opsheni zenyewe hazioneshi vizuri. Utarudi kwenye Wireshark.

Inamfaa nani. Taasisi ambayo tayari ina Active Directory (mfumo wa Microsoft wa kusimamia watumiaji na kompyuta) na mtu wa IT wa kudumu. Kumbuka muda wa kawaida ni siku 8, na kwamba leseni za watumiaji au vifaa huhesabu pia wanaopata anwani tu. Kununua Windows Server kwa ajili ya DHCP pekee hakuna hesabu inayokubali.

## Kea

Ni programu ya seva ya DHCP ya shirika la ISC, waliokuwa wakitunza ISC DHCP ya zamani na kuacha kuitunza mwishoni mwa 2022. Kama bado una dhcpd.conf (faili ya mipangilio ya hiyo ya zamani) inayofanya kazi, Kea ndiyo njia yao ya kuhamia.

Opsheni zote, kwa mtandao, kundi au kifaa, na makundi huandikwa kwa masharti kama substring(option[60].hex,0,4) == 'ubnt'. Opsheni isiyoombwa unailazimisha kwa "always-send": true.

Kuandika thamani ni kwa JSON. Mkato mmoja uliosahaulika na seva haiwaki. Kagua kwanza kwa kea-dhcp4 -t na jina la faili.

Umeme ukikatika, anwani ziko kwenye faili ya CSV au kwenye MySQL au PostgreSQL, na seva mbili zinaweza kushirikiana. Kuona kinachotoka ni rahisi ukiongeza kiwango cha kumbukumbu. Inamfaa chuo, hospitali kubwa, au mtoa huduma mdogo wa intaneti mwenye VLAN nyingi (mitandao iliyotenganishwa juu ya nyaya zilezile). Kwa lodge ya vyumba 20 ni lori la kubebea kikapu.

## Mambo matatu ya huku kwetu

*Saa.* Seva ya saa kwenye opsheni 42 hutoa UTC (saa ya kimataifa), bila kanda. Simu ya mezani ikipata 42 pekee inaweza kubaki nyuma kwa saa 3. Ongeza opsheni 2 yenye sekunde 10,800, ambazo kwa heksadesimali ni 0x00002A30. Kiwango kipya kinapendelea opsheni 100 yenye EAT-3 au 101 yenye Africa/Dar_es_Salaam. Alama ya kutoa kwenye EAT-3 si kosa. Mfumo huo huhesabu kinyume. Tazama opsheni 55 ya simu zako ujue ipi inaombwa.

*Wapanda mlima.* Kundi la watu 20 linaweza kuingia hosteli ya Moshi na vifaa 50, likalala usiku mmoja, kisha likapanda Machame kwa siku 6 au 7. Muda ukiwa siku 8, anwani zao zote zimefungwa wakati wao wako kambi ya Barafu, mlimani. Mtandao wa /24 una anwani 254 tu. Makundi matano yakifuatana umekwisha, na mgeni mpya ataambiwa Wi-Fi imeunganishwa lakini haipati anwani. Kwa Wi-Fi ya wageni weka saa 2 hadi 4, au panua hadi /23 yenye anwani 510. Ofisi ibaki na saa 24.

Ukiwapa wageni ukurasa wa vocha, opsheni 114 hukiambia kifaa ulipo; iPhone kuanzia iOS 14 na Android kuanzia 11 zinaielewa. Inataka anwani ya https inayojibu kwa JSON. Ukiweka anwani ya ukurasa wa kuingilia moja kwa moja, haifanyi kazi.

*Tawi.* Ofisi yenye makao Arusha na tawi Moshi inaweza kutumia seva moja ya Arusha, ruta ya Moshi ikipeleka maombi na, ikitaka, kuongeza opsheni 82 inayoeleza yametoka tundu gani. Inapendeza kwenye karatasi. Laini ikikatika, wenye anwani wataendelea mpaka muda wao uishe, ila kifaa kipya kitakachowashwa Moshi hakitapata kitu, hata printa iliyo mita mbili kutoka kwake hakitaifikia. Isipokuwa una njia mbili za uhakika kati ya miji hiyo, kila tawi ligawe zake.

## Kwa hali yako

Opsheni 55 ya vifaa vyako haina unachokihitaji zaidi ya 1, 3, 6 na 15 (jina la mtandao): baki na ruta ya mtoa huduma, ukipunguza muda kama una wageni.

Una AP zenye kontrola au simu za IP, na MikroTik iko tayari ukutani: hamishia DHCP huko. Kama hakuna MikroTik lakini kuna kompyuta ya Linux isiyozimwa na mtu wa kuitunza, dnsmasq itakupa hayo hayo kwa maandishi yanayosomeka zaidi.

Maabara ya kuwasha kompyuta kutoka kwenye seva: dnsmasq, kwa hali ya msaidizi kama ruta si yako.

Active Directory ipo na inatunzwa: Windows Server, na MikroTik kwa Wi-Fi ya wageni kwenye VLAN yake, ili wageni wasigharimu leseni.

VLAN nyingi, seva mbili zinazosaidiana, na watu wa Linux zaidi ya mmoja: Kea.

Ukiamua kuhama, siku moja kabla punguza muda kwenye seva ya zamani uwe dakika 10, na subiri muda wa zamani uishe kwa vifaa vingi. Andika anwani zilizotengwa kwa printa na kamera. Siku yenyewe zima DHCP ya zamani kwanza, hakikisha kwa tcpdump kuwa imenyamaza kweli, ndipo uwashe mpya. Mbili zikiwa hewani pamoja, kila kifaa kitachukua jibu lililowahi. Jaribu simu moja, AP moja na laptopu moja. Zote tatu zikipata saa, kontrola na intaneti, rudisha muda mrefu na uwashe zilizobaki.